Fundi Kesho na Mkia-Upanga

Bomba la nyuma ya chumba cha eksirei lilivuja kwa miezi saba, na katika hospitali nzima ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kulilalamikia. Wauguzi walilalamika kwa sababu njia ya kwenda chumba cha kufulia ilikuwa tope tupu. Mfuaji alilalamika kwa sababu kila shuka lililodondoka kutoka kwenye kamba lilirudi ndani kufuliwa upya. Daktari wa mifupa alilalamika siku alipoteleza akakaa kitako mbele ya wagonjwa wake mwenyewe. Mama Picha hakusema neno. Akiulizwa, alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Kwa kweli, hawa watu wa mabomba," halafu akaingia zake ndani.

Mama Picha ndiye aliyepiga picha za eksirei, na jina hilo alipewa na wagonjwa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye sauti nzito ya kuamrisha ambayo wala haikulingana na umbo lake. Miaka ishirini na sita alikuwa amefanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja, mlango wake umetiwa bati la risasi la kuzuia miale, kuta zake nene kama za ngome. Humo alikuwa ameona mbavu, nyonga, magoti, na vifungo vilivyomezwa na watoto. Aliweza kuuona ufa mwembamba kama unywele katika mfupa ambao madaktari wawili walishaupita bila kushtuka. Ila mvua ikinyesha nje, yeye alijua kwa kuambiwa.

Siku moja umeme ulikatika. Mashine ikazima, taa zikazima, na Mama Picha akapapasa mpaka mlango wa nyuma, akatoka na kikombe chake cha chai. Hakupiga hatua ya tatu. Pale chini ya bomba, juu ya tope, walikuwa wametua vipepeo zaidi ya sitini, wamesongamana kama watu waliowahi foleni ya kliniki. Weupe, wa manjano, wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, na wengine wa bluu wadogo kama kifungo cha shati. Hawakuwa wakirukaruka. Walikuwa wametulia tuli, wanakunywa maji ya tope.

Chai ilipoa mkononi. Alipiga picha kumi na nne kwa simu, akamtumia binti yake aliyekuwa chuoni, mji mwingine.

"Hawa ni nini?" aliandika.

"Mama, hawa ni vipepeo."

"Najua ni vipepeo, mimi si mtoto! Nataka majina yao."

Binti hakuyajua, lakini alimtafutia watu wanaoyajua: kundi la kwenye simu lenye watu kama mia mbili, wengine madereva wa malori, wengine mawakili, mmoja mtawa, wote wenye ugonjwa huo mmoja. Kwa kuwa vipepeo wengi hawakuwa na jina la Kiswahili la kuwatofautisha, kundi lilikuwa limewabatiza lenyewe: bibi-harusi, jani-kavu, kifungo-bluu. Na juu ya wote alikuwepo mwalimu mstaafu wa biolojia ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu. Hakuna aliyewahi kumwona. Alijibu kila picha, na alijibu kwa maneno machache kama mtu anayechonga kwenye jiwe.

Hivyo ndivyo Mama Picha alivyonasa. Kabla ya miezi mitano kwisha alikuwa ameshatambua aina thelathini na saba, zote kutoka tope lile lile, zote katika mapumziko ya chai na ya chakula cha mchana. Alijifunza kusogea kwa magoti, kuja kutokea upande wa pili wa jua ili kivuli chake kisimtangulie, na kutomvizia kipepeo kwa nyuma, maana macho ya kipepeo yanaona hata huko. Alinunua suruali mbili za kazi za rangi ya udongo. Mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi, alichukua simu yake siku moja kutafuta namba ya mtu, akakaa nayo muda mrefu.

"Mke wangu," alisema mwishowe, "humu kuna picha mia nane za vipepeo na mbili zangu."

"Mbili si haba."

"Na katika moja ya hizo mbili, kipepeo yuko mbele, mimi niko nyuma nina ukungu."

"Ulikuwa umesimama vibaya, baba," alimjibu, akachukua simu yake.

Lakini palikuwa na mmoja aliyemtesa. Huyu alikuja peke yake, kati ya saa nne na saa sita, jua likishakolea. Mabawa meusi, yaliyotobolewa madirisha madirisha ya kijani mpauko yaliyopitisha mwanga, na nyuma mikia miwili mirefu, myembamba, iliyochongoka. Kundi lilimwita mkia-upanga. Ila mikia-upanga wa namna hiyo walikuwa wa aina mbili, wanaofanana juu kama mapacha. Tofauti ilikuwa chini ya bawa la nyuma: mmoja ana mstari mwekundu uliokatikakatika, mwingine mstari wake ni mzima. Wa kwanza alikuwa wa kawaida. Wa pili hakuna mtu wa kundi aliyewahi kumpiga picha.

Sasa mkia-upanga ana kasoro moja: hatulii. Hata akinywa, mabawa yanatetemeka kama mtu mwenye homa, na kila picha inatoka na upande wa juu mzuri ajabu na upande wa chini umevurugika kama uji. Mama Picha alituma. Mwalimu akajibu: "Picha nzuri. Haitoshi. Upande wa chini."

Alituma nyingine. "Picha nzuri. Haitoshi."

Alituma arobaini na moja. Ilifika mahali akawa anamchukia Mwalimu, kwa heshima zote.

Mambo yalikuwa hivyo wakati Katibu wa hospitali alipoitisha kikao. Katibu alikuwa mwanamke nadhifu, aliyetembea na kalamu nne mfukoni na asiyependa kutumia hata moja bila sababu. Alisema wakaguzi wangefika Jumatatu ijayo, na lile tope la nyuma lazima liwe limeshakuwa historia.

"Fundi ataanza kazi Ijumaa asubuhi," alisema.

"Fundi gani?" mtu akauliza.

Katibu akashusha macho kwenye karatasi zake. "Ni yule yule."

Kikao kizima kikaangua kicheko, na Mama Picha akapumua. Yule yule maana yake ni Fundi Kesho. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Bomba alilolifunga yeye halikuvuja tena. Shida ilikuwa kumpata. Ukimpigia simu asubuhi atakwambia kesho, ukimpigia kesho atakwambia yuko njiani, na hiyo njia haikuwa na mwisho. Palikuwa na bafu katika wodi ya wazazi lililomsubiri tangu mtoto mmoja azaliwe humo, na sasa mtoto huyo alikuwa anatambaa. Mama Picha alipiga hesabu ya haraka kichwani: Ijumaa ya Fundi Kesho ni Jumatano ya wiki nyingine, akijitahidi sana. Alikuwa na wiki nzima ya kumnasa mkia-upanga.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, alimaliza kupiga picha goti la mchezaji mpira, akafungua mlango wa nyuma. Fundi Kesho alikuwa amesimama pale, sururu begani, mfuko wa spana miguuni. Alikuwa mtu wa miraba minne, umri wa kama miaka sitini, fulana yake imeshaanza kulowa jasho kabla hajagusa kitu.

"Fundi! Si umesema Ijumaa?"

"Nilisema, mama. Lakini mke wangu kanijia juu. Kasema nikiwachelewesha watu wa hospitali, siku nikiugua mtanilipizia kwenye sindano."

"Hatuna tabia hiyo."

"Ndivyo nilivyomwambia. Hakuniamini."

Mama Picha alitazama tope. Bibi-harusi saba walikuwa wameshatua, na jua lilikuwa linapanda. Mkia-upanga hakuwa mbali.

"Karibu chai kwanza, Fundi," alisema kwa sauti laini ambayo hata yeye hakuizoea.

Fundi alikunywa chai. Akaongezewa ya pili. Alipoinuka, Mama Picha akamkumbusha lile bafu la wodi ya wazazi. Fundi akasema bafu lina wiki zake. Akamwambia sinki la maabara linanuka. Fundi akasema sinki la maabara linanuka kwa sababu ni la maabara. Akamwuliza kama haingekuwa vyema angoje kivuli kifike upande huu. Hapo Fundi Kesho aliweka sururu chini, akamtazama vizuri.

"Mama, nina miaka thelathini na miwili kwenye kazi hii. Watu wananikimbiza ili nitengeneze. Wewe ndiye wa kwanza kunikimbiza ili nisitengeneze. Kuna nini hapa?"

Hakuwa na pa kukimbilia. Akamweleza yote: tope, aina thelathini na saba, mkia-upanga, mstari mwekundu, Mwalimu na "haitoshi" zake arobaini na moja. Alitegemea kuchekwa. Fundi hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili, na ndipo Mama Picha alipogundua kwamba tangu afike, mtu mzima yule alikuwa amesimama mbali na tope kadiri ua ulivyomruhusu.

"Wale?" Fundi alisema, akinyoosha kidole bila kunyoosha mkono. "Mimi na wale hatupatani."

"Vipepeo?"

"Wana unga kwenye mabawa. Ukikuingia machoni, umepofuka. Si hadithi za kuambiwa, mama. Nimeona kwa haya macho yangu."

Kwa kazi yake Mama Picha alikuwa ameona watu wengi wenye hofu, na alijua hofu haiondoki kwa kubishiwa.

"Basi tufanye hivi," alisema. "Wewe anza kuchimba kule kwenye valvu ya kufungia maji, mbali nao. Mimi nipe mpaka saa sita. Saa sita ikigonga, tope ni lako."

"Mpaka saa sita," Fundi alikubali. "Lakini wasije kwangu."

Akaenda kuchimba. Ardhi ilikuwa ngumu, jua lilikuwa halina huruma, na Fundi Kesho alikuwa mtu wa kutoka jasho hata akiwa amekaa. Baada ya nusu saa fulana ilikuwa imegandamana na mgongo, na shingoni jasho lilikuwa linashuka kwa vijito. Mama Picha alipiga picha mikono miwili na mgongo mmoja ndani, akatoka mbio, akajilaza kando ya tope na simu yake.

Saa tano kasoro dakika chache, mkia-upanga alikuja. Alipita juu ya ua, akazunguka tope mara moja, mara mbili, akashuka mpaka karibu kugusa. Halafu akaghairi. Akainuka, akakata kona, akaelekea kwenye valvu, akazunguka kichwa cha Fundi Kesho aliyekuwa amepiga magoti akiondoa udongo kwa mikono. Akatua shingoni mwake, pale jasho lilipokusanyika.

Fundi aliganda.

"Mama," alisema kwa sauti nyembamba. "Kuna kitu."

"Usitikisike."

"Ni chenyewe?"

"Ndiye mwenyewe. Usitikisike, Fundi."

"Mama, nitampiga. Mkono unaniinuka wenyewe."

Mama Picha alikuwa ameshaanza kutambaa, tumbo chini, viwiko topeni. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kubembeleza wala ya kukaripia. Ilikuwa ile ya chumba kisicho na dirisha, iliyowatuliza maelfu ya watu wenye mifupa iliyovunjika.

"Weka mikono juu ya magoti. Vizuri. Sasa funga macho. Ukiyafunga, huo unga utapitia wapi?"

Fundi alifikiri kidogo. Halafu akafumba macho, akayakaza mpaka uso ukajikunja.

"Vuta pumzi. Ishike hapo hapo. Usipumue."

Na huo ndio wakati ambao Katibu wa hospitali alichagua kuja kuona kama kazi inaendelea. Alipinda kona ya jengo, akasimama. Mbele yake fundi wa bomba alikuwa amepiga magoti, macho amefumba, mikono juu ya magoti kama mtu anayeungama dhambi. Nyuma ya fundi, mtaalamu wake wa eksirei, miaka ishirini na sita kazini bila hata onyo moja, alikuwa amelala kifudifudi udongoni, simu ameielekeza kwenye shingo ya fundi.

"Naomba kuelezwa," alisema Katibu.

Simu ya Mama Picha ilisogea mbele kidogo.

"Fundi, nakuuliza wewe."

"Mmh," alisema Fundi kwa puani.

"Asijibu!" Mama Picha alinong'ona kwa ukali. "Fundi, usipumue."

"Kwa nini asipumue? Mama Picha, huyu mtu anakuwa mwekundu."

"Atapumua mwaka mzima baadaye. Katibu, tafadhali, kivuli chako."

Katibu alitazama chini, akaona kivuli chake kimefika begani mwa Fundi. Akaona na kilichokuwa shingoni. Bila kujua anachofanya, alirudi hatua moja nyuma kwa ncha za vidole, na kalamu moja ikamdondoka asiiokote.

Mkia-upanga alikuwa amekunjua ulimi wake mrefu na kuuzamisha kwenye jasho. Ladha ilimkolea, maana mabawa yalitetemeka polepole, yakapungua, yakafungana juu ya mgongo wake kama kitabu. Yakatulia kabisa. Upande wa chini ulikuwa mweupe wa maziwa, wenye michirizi ya kahawia na kijani, na katikati ya bawa la nyuma ulipita mstari mwekundu. Mama Picha alipiga picha sita. Hakuziangalia. Alipiga na ya saba.

"Pumua," alisema.

Fundi alitoa pumzi kama tairi lililopasuka, na kipepeo akapaa juu ya ua, akaenda zake.

Wa kwanza kurudiwa na akili alikuwa Katibu.

"Bomba litakwisha leo?"

"Leo," alisema Fundi, macho bado yamefumbwa.

"Basi sawa." Aliokota kalamu yake, akaipangusa. "Mama Picha, una tope puani." Akaondoka, lakini alipofika kwenye kona aligeuka akaangalia ua, kisha mbingu, kisha akaenda.

Mama Picha alimshika Fundi mkono, wakaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa lililokuwa barazani. Fundi alijipangusa uso kwa kitambaa mara tatu, nne, akiyakwepa macho.

"Ulisema umeona kwa macho yako," Mama Picha alisema. "Nani aliyepofuka?"

Fundi alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Mdogo wangu. Nilikuwa na miaka tisa, yeye mitano. Nilikamata kipepeo mkubwa wa manjano, nikampa acheze naye. Alikuwa anacheka kweli. Wiki hiyo hiyo akaugua. Macho yakavimba, yakatoa usaha, na jicho la kushoto halikuona tena mpaka leo." Alikikunja tena kitambaa. "Sikumwambia mtu kama kipepeo nilimpa mimi."

"Alikuwa na homa?"

"Kali."

"Na vipele? Mwili mzima? Kikohozi?"

"Mtaa mzima watoto walikuwa na vipele."

"Fundi," alisema Mama Picha, "hiyo ilikuwa surua. Surua inapofusha watoto. Sisi hapa tunajua. Huo unga wa kipepeo ni vijimagamba tu, ukikuingia machoni utawashwa, utaosha, basi. Wewe hukumfanya kitu mdogo wako."

Fundi Kesho alimtazama muda mrefu kama mtu anayesubiri sentensi iendelee.

"Miaka hamsini na moja," alisema.

Akachukua simu, akampigia mdogo wake palepale. Mdogo mtu alikuwa na duka la viatu, na sauti yake ilisikika mpaka upande wa pili wa benchi. Fundi alianza mbali, akazunguka, akasalimia mke na watoto, mwishowe akalisema: kipepeo, jicho, yeye ndiye aliyempa.

"Kipepeo gani?" ile sauti iliuliza. "Kaka, mimi sikumbuki kipepeo yeyote. Nilikuwa na surua, mama kanisimulia mara mia. Uko wapi? Unaumwa?"

"Niko hospitali," alisema Fundi, na alilazimika kutumia dakika kumi nyingine kueleza kwamba yuko hospitali kwa ajili ya bomba.

Bomba lilikwisha saa kumi jioni. Muuguzi mmoja alikwenda kulishika kwa mkono ili aamini. Fundi alikusanya spana zake, lakini hakuondoka. Alibisha hodi kwenye chumba cha eksirei.

"Yule mwalimu wako amesemaje?"

Mama Picha alikuwa ameshatuma picha. Walisubiri pamoja, yeye kwenye kiti chake, Fundi kwenye kitanda cha mashine, ambacho kilimlalamikia. Simu ikalia.

"Sasa tunaweza kuzungumza," Mwalimu alikuwa ameandika. Kisha: "Mstari umekatika mara mbili. Ni wa kawaida. Mzuri sana."

Mama Picha alisoma mara moja, akaweka simu mezani uso chini. Hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya mdudu, lakini kifua kilimshuka. Miezi miwili yote ile, magoti yote yale. Tope lenyewe lilikuwa limeanza kukauka huko nje.

"Wa kawaida?" Fundi alisema. "Wa kawaida nani?"

"Ndivyo alivyo, Fundi. Mstari umekatika, hata mimi nimeuona. Nilikuwa najidanganya."

"Huyo mwalimu alikuwepo? Alikaliwa yeye shingoni? Kipepeo aliyenikalia mimi si wa kawaida. Niingize kwenye hilo kundi."

Alimwingiza. Kwa siku nne kundi halikuwa na amani. Fundi Kesho hakujua kuandika kwa kifupi, na tena aliandika kwa herufi kubwa tupu. Alitaka kujua mstari mwekundu unakatikaje, nani aliamua kwamba ukikatika ni wa kawaida, na kama mtu huyo alifanya kipimo chochote. Watu walikaa kando kuangalia, wakimhurumia. Lakini Mwalimu hakukasirika. Alijibu kila swali, siku ya nne kwa ujumbe wa mistari sita, ambao dereva wa lori aliutangaza kuwa mrefu kuliko wote katika historia ya kundi. Alieleza kwamba wa kawaida maana yake ni anayefahamika, si anayedharauliwa. Na mwisho akauliza: "Fundi, mjini kwenu kuna mahali pengine penye tope la kudumu?"

Jibu lilikuja baada ya muda mfupi. "MWALIMU MIMI NAJUA KILA TOPE LA MJI HUU."

Mama Picha aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama nyuma ya chumba chake, chai mkononi. Wakaguzi walikuwa wameshapita asubuhi. Walitazama ardhi kavu, wakasogea mbele. Hakukuwa na kipepeo hata mmoja. Palikuwa na nyufa nyufa za udongo, na shuka safi kwenye kamba. Alikuwa ameanza kuizoea huzuni hiyo ndogo, na sasa alijikuta anacheka peke yake mpaka mfuaji akatoa kichwa dirishani.

Jumamosi Fundi alimpigia. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka nyuma ya kiwanda cha mbao, maji yalikuwa yametuama siku nne, na yeye ndiye aliyeitwa.

"Mabibi-harusi ni wengi, sijaweza kuwahesabu," alisema. "Na wengine siwajui. Njoo sasa hivi, mwenye kiwanda ananitolea macho."

Mama Picha alikwenda na mumewe, aliyefunga kibanda chake cha kunyolea mapema kwa madai kwamba anataka kumwona mtu anayebishana na walimu. Walimkuta Fundi ameketi juu ya gogo kando ya maji, amevaa miwani mikubwa ya kuchomelea vyuma, sururu hajaigusa.

"Surua nimekuelewa," alimwambia Mama Picha kabla hajaulizwa. "Hii miwani ni ya kujizoeza tu."

Harufu ya maranda mabichi ilikuwa imejaa hewani, na kwenye tope pembeni ya rundo la mbao mabawa yalikuwa yanafunguka na kufunga kwa mamia. Walishuka kwa magoti, kinyozi akikunja suruali yake ya kutokea kwa uangalifu mkubwa. Mama Picha alinong'ona majina, Fundi akiyarudia nyuma yake, kinyozi akiyakosea yote. Walikuwa katika hali hiyo, vichwa chini, pande za nyuma juu, mlinzi wa kiwanda alipowafikia na rungu lake.

"Mmepoteza nini?"

"Hatujapoteza," alisema kinyozi. "Tunaangalia vipepeo."

Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja, akachukua muda zaidi kwenye ile miwani. Alisogea. Akachuchumaa kidogo, rungu likiwa kwenye mapaja.

"Hawa wa hapa nawajua," alisema. "Huwa wanakuja tu. Ila yule sijamwona tangu niajiriwe."

Wakageuza shingo kufuata kidole chake. Juu ya mpini wa toroli lililojaa vumbi la mbao alikuwa ametua kipepeo wa zambarau iliyokoza, pembeni amedariziwa dhahabu, anafungua na kufunga mabawa taratibu. Fundi alivua miwani. Kinyozi alimwangalia mkewe akingoja jina, na mkewe hakuwa nalo. Alikuwa ameshaanza kutambaa.